Somo, Hafumbi Macho!

Wasomaji wangu, safu hii ilianzishwa kwa mambo ya ndoa, mawifi na mahari. Lakini tangu mwaka 2021, mchezo wa Minecraft ulipowaonyesha watoto aksoloti, barua za wanandoa zimepungua na za salamanda huyo ndizo zinazojaza mkoba. Haya, somo hachagui mwari.

*Shikamoo Somo. Niko Columbus, Ohio. Nimemtengenezea aksoloti wangu bustani ya majini: taa kali, majani mekundu, changarawe nyeupe, na pampu inayoyapeleka maji mbio kama mto. Kila mgeni anaisifia. Mwenyewe amejibanza nyuma ya chujio, matamvua kayakunja mbele, na usiku anang'oa mimea. Mchana kutwa ananikodolea macho. Nimemkosea nini? – Mama Bustani*

Marahaba, mwanangu. Hakukodolei kwa chuki, hana kope. Hiyo taa yako inamwingia machoni tangu asubuhi na hana cha kuizuia. Bustani hiyo umewatengenezea wageni. Sasa tumfikirie mwenye nyumba.

Tuanze na maji. Raha yake ni baridi ya nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Yakipanda kufika 24, unamtafutia maradhi. Matamvua yaliyokunjwa mbele ni malalamiko, na mara nyingi anayelalamikiwa ni mkondo wa maji. Kwao ni Xochimilco, katika jiji la Mexico, kwenye mifereji iliyotulia. Ondoa pampu, weka chujio la sponji linalotoa viputo taratibu. Changarawe itoe yote leo. Aksoloti hatafuni: hufungua kinywa ghafla akavuta maji pamoja na chochote kilicho karibu, na kijiwe kikifika tumboni kinaweza kuziba utumbo. Mwekee mchanga laini, au mwache atembee juu ya kioo kitupu.

Halafu mimea. Hayo majani mekundu yanadai taa kali na mbolea, na mengi yanapenda maji vuguvugu. Hakuna hata kimoja kinachomfaa mwenzio. Mbolea nyingine zina shaba, na ngozi ya amfibia hupitisha mengi yaliyomo majini. Mtafutie Anubia, mmea wa majani magumu unaotoka kwenye vijito vya Afrika Magharibi, na kangaga la Java. Yote miwili inaridhika na mwanga hafifu. Ila usiifukie: shina lake la kutambaa likizikwa mchangani huoza. Ifunge kwa uzi juu ya kigogo au jiwe kubwa, naye hatapata cha kung'oa. Juu ya maji tandaza mimea inayoelea ili ipunguze mwanga, na chini ulaze chungu kisichopakwa rangi, awe na pa kujificha. Wageni wakija wataona giza na majani mawili matatu. Wape chai.

*Mambo Somo! Nipo Leeds. Jumamosi asubuhi nilinunua tangi, mchana nikamleta aksoloti. Leo siku ya nne maji yana ukungu, naye hataki kula. Na maji niliyotia ni ya bomba, safi kabisa. Nimpe mkate? – Kijana wa Haraka*

Siku hizi "mambo" ndiyo salamu ya mtu mzima? Poa, basi. Wewe, kijana, umeleta bibi harusi kwenye nyumba isiyo na choo.

Kinyesi chake na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo ikiwa kidogo anaivumilia. Bakteria hao hujijenga ndani ya chujio kwa wiki kadhaa, aghalabu nne hadi nane, na kazi hiyo hufanywa kabla mnyama hajaingia, huku ukiwalisha kwa matone ya amonia. Nunua vipimo. Bakteria wakiweza kuimaliza amonia uliyowapa, ukapima ukakuta amonia sifuri na nitriti sifuri, hapo ndipo unapomkaribisha. Mimea itakusaidia kunywa nitrati, lakini usiitwishe mzigo wote. Anubia hukua kwa mwendo wake.

Kwa sasa mhamishie kwenye beseni la maji baridi, na uyabadilishe yote kila siku. Maji ya bomba yametiwa klorini, hivyo anza kwa kutia dawa ya kuiondoa. Akipata nafuu mpe nyungunyungu. Mkate uliouandika pale chini ya barua, kula mwenyewe.

*Shikamoo Somo. Kwa joto hili la Muscat, nikimtilia barafu kila mchana si atakaa? – Mwenye Hamu*

Hakai. Barafu hushusha joto kwa muda mfupi, kisha linarudi, na huko kupanda na kushuka kunamuumiza. Feni juu ya maji hupunguza nyuzi chache, na kwa unyevu wa pwani yenu hata hizo usizitarajie. Mashine ya kupoza tangi ipo, ni ghali, na siku ikizima mwezi wa saba utakuwa umepika supu. Fuga paka.

*Somo yangu, tupo Toronto. Dukani tuliuziwa dada wawili. Leo tumeamka kila jani limejaa mayai, mamia! Mume wangu anasema ni neema: tuyalee, kisha tuwapeleke Mexico wakaishi porini, maana wanatoweka. – Mama wa Mamia*

Mumeo ana moyo mzuri na hesabu mbovu. Xochimilco watafiti walikadiria aksoloti 6,000 kwa kilomita moja ya mraba mwaka 1998. Mwaka 2014 makadirio yalikuwa 36. Wamemalizwa na uchafu wa maji, na pia na samaki waliopandikizwa ili watu wapate kitoweo: karpi, na perege. Naam, perege huyu huyu wa Afrika tunayemkaanga. Kule anakula mayai na watoto wa aksoloti, kwa hiyo mumeo atakuwa amempelekea futari.

Tena wenu si wa kule. Asili ya wengi wanaofugwa ni aksoloti 34 waliosafirishwa hadi Paris miaka ya 1860, na baadaye Marekani damu yao ikachanganywa na ya salamanda wa jamii nyingine. Akitaka kusaidia, achangie wakulima wa chinampa, yaani bustani za kule kwenye mifereji, wanaoshirikiana na watafiti wa chuo kikuu cha UNAM kuziba mifereji midogo perege asiingie.

Mayai yagandishe kwenye friza leo, kabla vijusi havijakua. Ukiona uchungu, bakisha matano, na ujue watataka chakula hai kila siku, na wakikua kidogo watang'atana miguu. Miguu itaota tena. Usingizi wako je?

Na mmoja wa hao dada ni kaka. Tazama nyuma ya miguu ya nyuma: dume ana uvimbe. Watenganishe leo hii, jike apumzike. Mwenye duka usimdai pesa. Mdai tangi la pili.