Jani Lipate Joto Kwanza

Nyamira kuna mfumo wa kupasha joto jengo zima, tena mzuri, ila anayeufaidi si binadamu. Ni jani la chai. Viwandani Kebirigo na Sanganyi, boila inameza magogo ya mikaratusi, mvuke unapita mabombani hadi kwenye rejeta, feni zinapuliza, na jani linanyaushwa kwa adabu, kisha linakaushwa mpaka libaki na unyevu wa asilimia 3 hivi. Mchumaji aliyelileta, umande ukiwa umemlowesha tangu alfajiri, huyo akajipange na jiko lake la makaa. Bonasi ikija atanunua sweta.

Kwa hiyo mtoto wa Kisii aliyehamia Minnesota, ambako Wagusii wamejaa kama wako soko la Daraja Mbili mjini Kisii, hana haja ya kumlipa fundi Januari, rejeta ya sebuleni inapokuwa moto chini na baridi juu. Anampigia mjomba wake wa boila, kule kiwandani.

“Hewa imenaswa, mpwa wangu. Zima mtambo upoe. Weka kitambaa, legeza kile kivali cha juu kwa ufunguo wake, acha ipumue. Ikianza kutema maji, kaza, halafu angalia presha. Ingekuwa baridi chini, ningesema ni tope la kutu.”

Saa moja baadaye mpwa akatuma picha ya kipimajoto: nyuzi 22, na yeye amevaa fulana.

“Vizuri,” mjomba akajibu. “Sasa nitumie hela ya blanketi.”