Theluji ya Jumamosi

Katika kilima kimoja kidogo cha kuteleza kwenye theluji huko Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani, mtu anayeamka alfajiri kuutangazia umma hali ya theluji ni mimi, mzaliwa wa Tanga. Sikupewa kazi hiyo kwa ujuzi. Nilipewa kwa sababu meza yangu ndiyo iliyo karibu na simu.

Mama hajaielewa mpaka leo. "Mwanangu, hiyo theluji si inaanguka yenyewe?" Ndiyo, Mama. "Sasa wewe unalipwa kwa lipi?" Kuwaambia watu kwamba imeanguka. Simu ikanyamaza, nikadhani salio limekwisha. "Kwani hawana madirisha?"

Wanayo, ila madirisha yao yako Boston na Connecticut, mwendo wa saa tatu na zaidi kwa gari. Kabla ya kujaza mafuta na kupigana na watoto wavae glavu, wanataka mtu awahakikishie kwamba huku kuna kitu cha kutelezea. Basi kila alfajiri naandika mistari michache: theluji mpya inchi ngapi, njia ngapi zimefunguliwa, hali ikoje, kesho kunatarajiwa nini. Kisha nairekodi ripoti kwenye simu kwa ajili ya wazee wanaopenda kusikia sauti ya mtu. Wazee hao huisikia sauti yangu, hukata, halafu hupiga tena kuhakikisha hawajakosea namba.

Kilima chenyewe ni cha hadhi ya wastani, nikikipendelea. Kuna lifti moja ya viti iliyonizidi umri, jiko linalouza chipsi na hambaga, na kamba ya kuwavuta watoto. Marekani ilipata kamba yake ya kwanza ya namna hiyo hapa hapa Vermont, mjini Woodstock, mwaka 1934, ikizungushwa na injini ya Ford Model T. Ukiisikiliza ya kwetu ikiwaka asubuhi utaapa ndiyo ile ile.

Kupima theluji kuna kanuni zake. Unaweka ubao mweupe mahali pa wazi pasipopigwa sana na upepo, unapima kilichoanguka juu yake, na ubao huo haufutwi zaidi ya mara moja kila baada ya saa sita. Sababu ni kwamba theluji hujishindilia kwa uzito wake yenyewe. Ukipima na kufuta kila saa, kisha ukajumlisha, theluji ile ile moja itakupa namba kubwa zaidi. Bosi wangu ameusoma mwongozo huo kwa makini, ndiyo maana anajua kila kifungu cha kuvunja.

Juu ya Mansfield, mlima mrefu kuliko yote Vermont, kuna mti wa kupimia kina ambao umesomwa tangu mwaka 1954, na ambao Aprili 1969 ulionyesha inchi 149, yaani zaidi ya mita tatu na nusu. Wa kwetu umesimama nyuma ya jiko. Bosi aliuchomeka mwenyewe, pembeni kidogo, pale ambapo upepo huangusha mzigo wote wa theluji ya paa. Ungekuwa mpango kamili kama si mpishi, ambaye humwaga maji ya tambi papo hapo. Siku za tambi kina hushuka inchi nne kwa mkupuo, na bosi hutoka nje akiuliza ni nani aliyeyeyusha mtaji.

Lakini theluji iliyokwisha kuanguka ni jambo dogo. Kinachotuzeesha ni ile ambayo haijaanguka.

Tufani zinazotuletea neema hupanda na pwani ya Atlantiki kutoka kusini. Tufani ikipita mbali baharini, huku hatupati kitu ila upepo. Ikisogea bara, inavuta hewa ya joto kutoka baharini na sisi tunanyeshewa. Ikipita katikati ya hayo mawili, ndipo panapokuwa na theluji. Tofauti kati ya msimu mzuri na ndoo chini ya paa linalovuja ni kilomita mia hivi, na kwenye ramani ya mtabiri huo ni upana wa kidole gumba. Hata ikipita panapotakiwa bado kuna hesabu ya joto. Kwa kawaida inchi moja ya maji hutoa inchi kumi za theluji. Baridi ikiwa kali zinaweza kufika ishirini, na joto likigusa sifuri zinashuka hadi tano, tena majimaji. Edward Lorenz, mwanasayansi wa chuo cha MIT ambaye mwaka 1963 alionyesha jinsi tofauti ndogo kabisa mwanzoni mwa hesabu inavyoweza kuuharibu utabiri mzima mbele ya safari, alikuwa pia mpenzi wa skii. Sina ushahidi kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano, lakini mtu akikaa New England, eneo letu hili, majira machache ya baridi hahitaji ushahidi.

Kwa hiyo mtabiri mwenye busara husema inchi 3 hadi 8. Bosi huanza kusoma kutoka kulia, na akifika 8 anatosheka. Mkewe, ambaye ndiye mhasibu, huanzia kushoto. Nilikotoka mambo yalikuwa mepesi zaidi: redio ilisema mvua katika maeneo machache, na maeneo hayo machache siku zote yalikuwa kamba yetu ya kuanikia nguo.

Utabiri wa kuaminika kabisa kilimani petu hutoka kwa ndugu mmoja wa Bukavu anayesimamia lifti. Yeye haangalii mawingu wala ramani, anaangalia friza. "Mukubwa," aliniambia kabla ya likizo ya shule ya Februari, wiki ambayo vilima vyote vidogo huitegemea kulipa madeni, "mvula iko njiani. Nyama iko mingi sana." Watabiri walikuwa wamesema inchi 5 hadi 9, na bosi, akiwa ameanzia kulia kama kawaida yake, alikuwa ameagiza hambaga za kulisha kikosi cha jeshi. Mvua ilianza Ijumaa usiku. Ilinyesha mvua ya kwetu kabisa, ya masika, mpaka nikaikumbuka Tanga kwa uchungu. Jumapili baridi ikarudi ghafla na kilima kizima kikaganda. Mtu aliyeanguka juu ulikutana naye chini, kwenye mlango wa jiko, bado akiomba radhi. Niliambiwa niandike kwamba njia zina kasi nzuri. Hambaga tulizila sisi wafanyakazi, asubuhi na jioni, hadi yule ndugu wa Bukavu akawa anaiombea mvua isirudi kwa sababu za tumbo tu.

Zamani nilidhani uhodari wa kukuza inchi ni wa bosi peke yake. Kumbe una wasomi wake. Wachumi wawili wa Dartmouth, chuo kilicho ng'ambo ya mto tu, upande wa New Hampshire, Jonathan Zinman na Eric Zitzewitz, walizilinganisha ripoti za vilima vya skii na vipimo vya serikali, na mwaka 2009 wakatoa matokeo: mwishoni mwa wiki vilima viliripoti theluji mpya zaidi kwa asilimia 23. Mawingu, inaonekana, hayana habari na Jumamosi. Wenye tiketi wanayo. Wakaona pia kwamba chumvi hiyo ilipungua mara watelezaji walipopata programu ya simu ya kuandika wenyewe walichokikuta. Kwa mtu aliyekulia jirani na soko la samaki, hapakuwa na jipya. Muulize muuzaji kama changu huyu ni mbichi, atakuambia ametoka baharini, na hadanganyi: samaki huyo kweli alitoka baharini. Nilimsomea bosi muhtasari wa utafiti. Alisikiliza mpaka mwisho akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Watu wa New Hampshire," akasema.

Kwa vile mbingu haziaminiki, tuna mizinga ya theluji. Chimbuko lake ni Connecticut, mwaka 1950, ambako watengenezaji watatu wa skii, Wayne Pierce, Art Hunt na Dave Richey, walipoona majira ya baridi yanapita bila theluji na mali inawadodea, walichukua kompresa ya kupulizia rangi na mpira wa kumwagilia bustani wakaanza kujitengenezea theluji yao. Wengi hudhani kazi hiyo inahitaji baridi tu. Inahitaji na ukavu. Tone likirushwa kwenye hewa kavu, sehemu yake hugeuka mvuke na kulipoza lililobaki, kwa hiyo waweza kupata theluji joto likiwa juu ya sifuri kidogo, na ukaikosa chini ya sifuri hewa ikiwa imejaa unyevu. Ndiyo maana mzee anayeendesha mitambo yetu hutembea usiku na kipimajoto kilichoviringishwa kitambaa chenye maji, na hapendi kusemeshwa.

Alhamisi moja kila kitu kilikubali, baridi na ukavu. Upepo peke yake ndio uliokuwa na mipango yake. Uligeuka baada ya saa sita za usiku, mzee akiwa ndani na kahawa, na mizinga ikafanya kazi hadi alfajiri ikilihudumia eneo la kuegesha magari. Kulipokucha, kilimani palikuwa na nyasi zilizolowa, na penye magari palikuwa na theluji bora kuliko yote ya mwezi ule, laini, nyeupe, usawa wa goti. Pikapu ya bosi, iliyolala mbele kabisa ya mzinga, ilitambulika kwa antena.

Bosi aliizunguka mara mbili. "Andika inchi 18," akasema.

"Wapi?"

"Maegesho ni sehemu ya eneo letu."

Nikaandika inchi 18 katika sehemu za chini. Watu walikuja, wakaegesha kandokando ya barabara, na watoto wakacheza pale penye magari mpaka jioni. Walipoitwa kupanda kilimani walikataa katakata. Bosi alisimama dirishani akiwatazama, na namjua vya kutosha kujua kwamba alikuwa akiwaza jinsi ya kuyakatia tiketi maegesho.

Wateja, tuwe wakweli, huwa na uvumilivu wa ajabu. Mmoja aliingia ofisini akiwa na kishada cha majani makavu kilichonasa kwenye skii yake, akakilaza juu ya meza yangu. Ripoti, alisema, ilitaja kwamba theluji ni nyembamba katika baadhi ya maeneo. Nikamjibu kwamba hilo ni mojawapo. Akaafiki, akanunua chokoleti ya moto. Mwingine, kwenye simu, aliisikiliza lafudhi yangu kwa muda kisha akauliza ninatoka wapi. Tanzania. Akauliza, kwa upole wa mtu asiyetaka kuumiza, kama nimewahi kuiona theluji kabla ya kuja Marekani. Nikamwambia kwetu kuna Kilimanjaro, ulio na barafu tangu enzi ambazo Vermont haikuwa na jina, ingawa kati ya 1912 na 2000 ulipoteza takriban asilimia 80 ya barafu hiyo. Alikaa kimya.

"Angalau ninyi mnakubali kwamba imepungua," akasema.

Machi ilipofika, tope limeshaanza kuonekana na bosi amekwisha kupunguza bei, tufani ikapanda na pwani ikapita pale pale panapotakiwa. Theluji ilianguka usiku kucha bila upepo. Saa kumi na moja alfajiri nikatoka na ubao wangu, mbali na jiko, mbali na paa, nikapima mara moja tu kwa kufuata mwongozo, neno kwa neno. Inchi 27. Nikapima pembeni, nikapata 27 tena. Nikaiandika kama ilivyo.

Simu ya kwanza ilikuwa kicheko kitupu. Wa pili aliuliza kama hizo 27 ni za maegesho. Wa tatu, mzee wa Massachusetts aliyekuwa akija kila msimu, aliteremsha sauti akaniomba nimpe namba ya kweli, ibaki baina yetu. Nilipomwapia kwamba ndiyo hiyo, alisema amesikitika sana, alikuwa akiniona mimi ni tofauti na wengine.

Bosi akatoka na rula yake. Alirudi theluji ikiwa imemfika mapajani, uso wake wa mtu aliyeokota pochi na hana wa kumwonyesha.

"Hawataamini," akasema. "Punguza. Weka 14."

"Ni 27, bosi."

"Basi 15."

Mkewe, bila kuinua macho kwenye daftari la hesabu, akasema iwe 18 na mtu asiongeze neno. Nikaandika 18. Kufikia saa tatu magari yalikuwa yamepanga foleni hadi barabara kuu, yote yakiwa na skii juu, yakingoja kuingia kwenye maegesho ambayo hakuna aliyekumbuka kuyasafisha, na ambayo yalikuwa na inchi 27.