Jinsi ya Kuhitimu Uhuishaji bila Kuchosha Mkono

Hongera! Umepata nafasi ya kusomea katuni za kuchora katika chuo cha ufundi hapa Machakos. Sasa sogea nikunong'oneze asichokwambia mwalimu. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24. Hata ukibana, mchoro mmoja ukae fremu mbili, sekunde hiyo itakudai michoro 12, na nusu dakika michoro 360. Hiyo ni kazi ya punda, na mama hakukuzaa uwe punda. Fuata hatua hizi.

1. Anza na cheo. Kabla hujanunua penseli, jiandike Instagram: "Mhuishaji, Mwongozaji, Mkurugenzi Mtendaji." Piga picha ukiwa na fulana nyeusi, vilima vya Iveti vikionekana nyuma. Shangazi akikuomba umchoree kadi ya harusi, mwambie uko bize na mradi mkubwa.

2. Singizia vifaa. Apa kwamba huwezi kuanza bila tableti ghali na programu ya kulipia. Mtu akitaja Blender, kohoa. Programu hiyo ni ya bure, na filamu ya Flow iliyotengenezwa kwayo ilishinda Oscar mwaka 2025. Krita nayo ni ya bure. Habari hizi zikienea darasani, utabaki bila kisingizio.

3. Tegemea damu. Wewe ni wa Machakos, na Wamunyu ndiko kulikozaliwa biashara ya vinyago vya Wakamba. Sema sanaa unayo mwilini, mazoezi ni ya wageni. Mutisya Munge, anayesifiwa kwa kuianzisha biashara hiyo, alijifunza kwa wachongaji wa Kizaramo alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Sehemu hiyo ya kujifunza iruke.

4. Wasimamishe wahusika wima. Chora midomo tu. Miguu ikikushinda, ifiche nyuma ya kichaka; mikono ikikushinda, itie mfukoni. Mwalimu akiguna, sema huo ni mtindo, kisha mtajie Hanna na Barbera, waliobana michoro hivyohivyo katika katuni ya The Flintstones mwaka 1960. Omba Mungu asikumbuke kwamba tangu 1940 walikuwa wakiwakimbiza Tom na Jerry, kwa hiyo walijua cha kupunguza.

5. Katika kikundi, chukua "wazo". Wazo halina fremu. Yule binti mkimya wa nyuma mwachie michoro ya katikati, kusafisha mistari na kulinganisha midomo na sauti. Jina lako litangulie katika orodha ya mwishoni mwa filamu. Ni kweli kwamba kazi hizo ndizo chipukizi hupewa studioni, lakini hayo ni matatizo yake binti siku atakapoajiriwa.

6. Kataa masahihisho. Ukienda atachimenti, msimamizi akisema kichwa kigeuke kidogo kushoto, nuna. Mwambie haelewi sanaa. Au iachie akili unde ikuchoree upya: kichwa kitageuka kweli, ila kitarudi na pua nyingine na shati la rangi tofauti. Mwambie huyo ni pacha wa mhusika.

7. Lalamika kwamba Kenya haina soko. Lalamika kwa sauti, ili asisikike atakayetaja Tinga Tinga Tales, vipindi 52 vilivyotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa BBC mwaka 2010. Asisikike pia atakayemtaja Ng'endo Mukii, ambaye filamu yake Enkai ilitoka Disney+ mwaka 2023 katika mkusanyiko wa Kizazi Moto. Nairobi iko mwendo wa matatu tu kutoka hapa, na mtu akigundua hilo utalazimika kutuma maombi ya kazi.

8. Siku ya usaili, vaa tai. Toa cheti, toa barua ya chifu, toa picha ya Iveti. Mwajiri atavisogeza pembeni, atakupa karatasi na penseli, kisha atasema: "Nichoree mtu mzito akiinuka kitini." Hapo mimi sina hila; ya mtihani huo bado haijabuniwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kama uko muhula wa kwanza na roho inakusuta, chora kurasa mbili kila jioni. Fanya kwa siri, na ukipata kazi usimwambie mtu kwamba mimi ndiye niliyekushauri.