Miwani, Bisibisi na Washauri

Mabingwa wa kompyuta, ambao aghalabu ni vijana wenye macho makali na viuno visivyojua maumivu, wamezoea kutuambia kwamba mtu yeyote aliyewahi kuunga kitanda kwa bisibisi anaweza kuunda kompyuta yake mwenyewe nyumbani, maadamu kila kipande kina umbo lake na mahali pake, na cha mahali hapa hakikubali kuingia mahali pale. Dai hili ni la kweli, wala sina nia ya kulikanusha. Ila wenye kulitoa wamesahau kutaja kwamba mahali penyewe hapaonekani bila ya miwani ya kusomea, na kwamba miwani hiyo humwonyesha mvaaji parafujo iliyo mkononi lakini humficha ile iliyoanguka sakafuni. Elimu ya kazi hii ni nyepesi. Kinachoitia uzito ni mwili wa mtendaji, na baada ya mwili, washauri.

Mimi ni karani mstaafu wa Tanga, umri wangu unakaribia miaka sabini, na ujana wangu niliumalizia katika ofisi za mashamba ya mkonge, ambako mashine ya taipu ilikuwa ndiyo kilele cha ufundi wetu, na ilipoharibika tuliifungua, tukaipaka mafuta, tukaifunga, ikaendelea kugonga. Mwaka 1981, wakati sisi tulipokuwa tukigombania utepe wa wino kwa uhaba wa bidhaa uliokuwapo, kampuni ya IBM huko Marekani ilianza kuuza kompyuta ndogo iliyokuja kujulikana kwa jina la PC, ikiwa imeundwa kwa vipande vya viwanda mbalimbali na michoro yake kuchapishwa hadharani, hata wengine nao wakapata njia ya kutengeneza vipande vyenye kuafikiana nayo. Mwaka 1995 Intel ikatoa kanuni ya ATX, inayoamuru matundu ya parafujo yakae wapi na mazabodi kamili, ule ubao mkuu unaobeba vipande vingine, iwe na ukubwa gani, yaani milimita 305 kwa 244. Kwa fadhila ya kanuni hiyo, mazabodi ya kiwanda hiki hukaa katika kasha la kiwanda kile bila ya wenye viwanda hao kujuana hata kwa salamu.

Huduma ya Windows 10 ilipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta yangu ya zamani haikuwa na chipu ya usalama ya TPM 2.0 inayotakiwa na Windows 11, nami nikaenda katika duka moja la mjini kuuliza habari za kuunda nyingine. Kijana wa duka alinipa shikamoo kwa adabu, akanisikiliza kwa adabu, na kwa adabu ile ile akaniambia, "Mzee wangu, wewe chukua laptopu tu, haya ya kuunda waachie wajukuu." Yako matusi ambayo muungwana huyasamehe papo hapo, lakini nasaha njema iliyotolewa kwa huruma, mbele ya wateja wengine wanaotikisa vichwa kuikubali, haina msamaha. Nikatoka dukani nimekwisha kuazimia.

Vipande vingine vilitoka Kariakoo, vingine vikaletwa na mpwa wangu kutoka Dubai, katika barabara ya Khalid bin Al Waleed ambako maduka ya kompyuta yamesongamana, na vyote vilipowekwa sebuleni mke wangu alizunguka maboksi yale kimya kimya, kisha akauliza kama yote yale ni kompyuta moja au nimefungua biashara bila ya kumshauri.

Mlango wa mashaka ulifunguliwa na ramu, yaani vijiti vya kumbukumbu. Mazabodi ilitaka ya aina ya DDR5, na risiti ilisema DDR5, lakini muuzaji, Mungu amsamehe, alikuwa ametia DDR4 ndani ya mfuko. Mtu mwenye macho ya kawaida hawezi kuzitofautisha: zote zina urefu mmoja, zote zina miguso 288 ya rangi ya dhahabu, ila pengo lililokatwa kwenye ukingo limesogezwa kidogo, makusudi, ili moja isiingie katika nafasi ya nyingine. Jirani yangu, fundi mstaafu wa reli ambaye hakuna kazi ya mtaani isiyomkuta amekwisha kufika, alikitazama kijiti, akalitazama tundu, akaenda kwake, akarudi na tupa. "Mzee mwenzangu," akasema, "hapa ni kukata pengo jipya tu." Nikamweleza kwamba DDR4 hutumia volti 1.2 na DDR5 hutumia 1.1, na kwamba hata pengo likikatwa, mishipa ya ndani haifanani. Akanijibu kwamba katika maisha yake ya reli hajapata kuona garimoshi lililosusa safari kwa ajili ya moja ya kumi ya volti, akaketi na tupa yake mapajani akinisubiri nipate akili. Vijiti vilirudi Dar es Salaam kwa basi na vingine vikaja kwa basi, na muda wote huo tupa ilikuwa juu ya meza yangu, kwani mwenyewe alikataa kuichukua.

Kijitabu kilichofuatana na mazabodi kilijaa michoro ya mikono isiyo na wenyewe, ikishika na kusukuma vitu kwa wepesi usio wa dunia hii. Na palipokuwa na maneno, yalichapwa kwa herufi ambazo kwanza nilizidhania kuwa ni uchafu wa karatasi. Onyo lake kubwa lilihusu umeme tuli, ule unaokusanyika mwilini mwa mtu anayetembea juu ya zulia katika hewa kavu, ambao unaweza kuua chipu bila ya mwenye mwili kuhisi lolote. Nililitii kwa kugusa chuma cha kasha kila mara, ijapokuwa hewa ya Tanga, kwa unyevu wake wa bahari, haiupi umeme huo nafasi kubwa. Hatari ya pwani ni nyingine, nayo haikutajwa katika lugha yoyote ya kijitabu kile: ni jasho. Feni ya dari ikiwashwa hupeperusha vijifuko vya parafujo na karatasi za maelezo. Ikizimwa, paji la uso huanza kudondosha maji ya chumvi juu ya mazabodi iliyonunuliwa kwa pensheni. Nikajifunga kipande cha kanga kuukuu kichwani, na wageni waliofika siku ile wakampa pole mke wangu kabla ya kuuliza naumwa nini.

Soketi ya prosesa yangu ilikuwa ya AM5, ambayo ndani yake mmesimama vijiguu 1718 vya chuma, na kimoja tu kikipinda huweza kuharibu kazi yote. Prosesa yenyewe huwekwa bila ya nguvu, kwa kulinganisha alama ya pembetatu iliyo pembeni. Kisha hushushwa wenzo, na wenzo huo hauteremki ila kwa kukandamizwa barabara, huku ukitoa mlio wa kusagika ambao wajuzi wote wamekubaliana kuwa ni mlio wa salama. Mtu ambaye maisha yake yote yamemfunza kwamba kinachosagika kinavunjika anaombwa hapa aendelee kukandamiza. Nikaendelea, macho yamefumbwa. Ama pesti ya kupitisha joto, inayopakwa baina ya prosesa na feni yake, wanazuoni wa fani hii wamehitilafiana sana juu ya kiasi chake: wako wanaotosheka na tone moja katikati, la kadiri ya punje ya mbaazi, wako wanaochora msalaba, na wako wanaoitandaza yote. Mimi nilifuata madhehebu ya tone. Mke wangu, aliyekuwa akipita na sinia, aliona ni ubahili.

Hayo yote ni mepesi mbele ya nyaya za swichi. Kitufe cha kuwashia kilicho usoni mwa kasha hutoa nyaya mbili nyembamba ambazo sharti zichomekwe katika pini zilizo kwenye pembe ya chini kabisa ya mazabodi, ambako mwanga haufiki na kidole hakipenyi, na pini zenyewe zimeachana kwa milimita 2.54 tu. Kando yake ziko nyaya za taa, nazo zina chanya na hasi, zikigeuzwa haziwaki, ilhali swichi hata ikigeuzwa haijali. Viwanda vilivyoweza kuafikiana juu ya matundu ya parafujo mwaka 1995 vimeendelea mpaka leo kuviacha vijiwaya hivi mbalimbali katika makasha mengi, na kwangu hiyo ni dalili ya kutosha kwamba wanaoamua mambo hayo hawajatimiza miaka arobaini. Tochi niliishika kwa meno, na kila nilipokaribia pini, pumzi yangu mwenyewe ilipanda ikatia ukungu katika miwani. Nikifuta miwani, naipoteza pini. Nikiipata pini, waya umekwisha kurudi ulikotoka. Kilichoniokoa ni kibano cha mke wangu cha kung'olea nyusi, ambacho hakijarudi chumbani mpaka sasa, na suala lake lingali linazungumzwa.

Diski ya siku hizi, nayo, si boksi tena. Ni kijiti bapa cha milimita 22 kwa 80, kinachochomekwa kwa mshazari, kikabaki kimeinua kichwa, mpaka kilazwe na kufungwa kwa parafujo moja yenye kipenyo cha milimita 2. Parafujo hiyo iliponyoka katika ncha ya bisibisi, ikagonga kizingiti, ikatokea uani, na kabla sijasimama (maana siku hizi kusimama kwangu kuna hatua zake) mjukuu wangu wa chekechea akapiga ukelele, "Babu, kuku kaimeza!" Baraza likakaa pale pale. Jirani alishauri kuku achinjwe, kwa hoja kwamba mali ya mtu haipotei hivi hivi, na akajitolea kuhudhuria mpaka mchuzi utakapoiva. Mke wangu akamtetea mshitakiwa kwamba anataga kila siku, jambo ambalo kompyuta haijalifanya wala haitalifanya. Nikatoa hukumu ya kumwachilia, nikaenda mjini. Wauza vifaa vya ujenzi walinionyesha bolti za kukazia mitambo ya mkonge, wakashangaa kusikia kwamba ninataka kitu kidogo zaidi. Hatimaye fundi mmoja wa simu akaichomoa parafujo ya namna ile katika laptopu mfu, akakataa malipo, ila akataka kujua hali ya kuku.

Jioni ya kuiwasha, sebule ilijaa. Nikasema Bismillahi, nikabonyeza kitufe, feni zikazunguka, taa zikawaka, na kioo kikabaki cheusi. Sasa, mazabodi za DDR5 zinapowashwa kwa mara ya kwanza hujifunza ramu yake: huijaribu, huipima nyakati zake, hurekebisha, na shughuli hiyo huweza kuchukua dakika kadhaa pasipo na picha wala neno la kumtuliza mtu. Hayo hayakuwa katika ukurasa wowote wa kijitabu nilioweza kuusoma. Jirani akasema hitilafu iko katika mwako, akainua mkono ili alipige kasha kofi, nikaudaka mkono hewani. Shemeji yangu akauliza kwa upole kama vipande vilivyotumika vinaweza kurudishwa dukani. Mke wangu hakusema kitu, na hilo lilinitesa kuliko maneno. Katika hali hiyo akaingia mjukuu wangu mkubwa kutoka mpirani, amejaa vumbi, akatoa shikamoo kwa wote, akautikisa waya wa kioo kwa kidole kimoja, na papo hapo picha ikatokea. Vigelegele vilifika barabara ya pili.

Ya kuingiza programu endeshi sitayaeleza kwa urefu: programu ilidai intaneti kabla ya kuendelea, na mazabodi haikuweza kupata intaneti kabla ya kuingiziwa programu yake, hata simu ya mkononi ikaletwa na waya kusuluhisha ugomvi huo. Kompyuta ni nzima, ina kasi, nami ninaandikia haya juu yake. Lakini nimekwisha kukata tamaa ya haki yangu, kwa kuwa kila mgeni anayefika nyumbani huelezwa kwamba imeundwa na mjukuu, na kwamba Babu alimsaidia kushika tochi. Na nikianza kueleza habari za ramu kujifunza, watu hunitazama kwa huruma ile ile ya kijana wa duka.

Kwa hivyo nawaomba wenye viwanda wachape katika ukurasa wa kwanza, kwa herufi za kusomeka, sentensi moja tu: kwamba kompyuta mpya ikiwashwa mara ya kwanza huweza kukaa na kioo cheusi kwa dakika kadhaa, nayo ni nzima. Na wakipata wasaa, watie parafujo moja ya akiba katika kila boksi la mazabodi, kwa ajili yetu tunaofuga kuku.