Jinsi ya Kumkosesha Bwenyenye Usingizi: Mwongozo kwa Wakazi wa Nairobi

Kwanza tafuta watu kumi. Sheria za Kenya zinakubali chama kuanzia idadi hiyo, na kumi wanatosha kabisa kuanza kumsumbua bwenyenye anayekitamani kiwanja cha watoto wa mtaa wenu. Usiwatafute kwenye kundi la WhatsApp, ambamo watu mia mbili hulalamikia kelele za baa usiku kucha, na kukipambazuka hapatikani hata mmoja wa kubeba barua kuipeleka City Hall. Watafute kwa miguu. Mchukue mwalimu mstaafu mwenye mwandiko mzuri na subira ya kuketi mapokezini. Mchukue wakili kijana. Mchukue mama mboga wa kona, kwa kuwa lori la kwanza la kokoto hupita mbele ya meza yake, na soja wa geti, ambaye huwaona wapima ardhi wakija Jumapili asubuhi wakati wenye nyumba wako kanisani. Halafu nunueni daftari muandike kumbukumbu za kila mkutano: nani alikuja, nini kiliamuliwa, nani atafanya nini na kufikia lini. Ipo siku mtaulizwa na jaji.

Sasa jizoeze kusoma gazeti kuanzia kurasa za nyuma. Huko, katikati ya matangazo ya vifo na ya magari yanayopigwa mnada, kwa herufi ndogo ambazo bwenyenye amezilipia akiomba Mungu usizione, ndiko kunakotangazwa kwamba kiwanja fulani cha Kileleshwa kilichokuwa cha nyumba ya familia moja kinaombewa ruhusa ya kujengwa ghorofa za kupangisha. Mwenye pingamizi hupewa siku 14. Siku hizo ni zako, zitumie. Mwongozo wa ujenzi wa mwaka 2004 uliiweka Kilimani na Kileleshwa katika mitaa ya ghorofa nne. Simama leo kwenye mzunguko wa Kileleshwa uhesabu winchi zilizo angani. Mabomba ya maji taka yaliyo chini ya barabara zile yalitandazwa kwa ajili ya nyumba za bustani na mbwa wawili. Familia mia moja zikirundikwa mahali palipokuwa na moja, maji hayo yatatafuta njia ya kutokea, na mara nyingi huipata mbele ya geti la jirani.

Barua ya pingamizi isiwe na matusi, hata kama moyo unachemka. Taja namba ya kiwanja. Eleza habari ya maji taka, barabara, maji ya kunywa, mwanga wa jua unaozibwa. Peleka nakala kwa NEMA, wanaotoa leseni ya mazingira, na nyingine kwa mwakilishi wadi. Kisha fanya jambo moja ambalo wengi hulisahau: usiondoke kaunta kabla nakala yako haijagongwa muhuri wenye tarehe. Karani akikwambia muhuri uko na bosi, kaa umngoje bosi. Mwalimu wetu mstaafu ana gazeti la kusoma. Na leseni ikitolewa licha ya yote hayo, zipo siku 60 za kukata rufaa mbele ya jopo la kitaifa la mazingira. Hapo ndipo ule muhuri utakapoanza kusema.

Anayedhani barua haziwezi kitu, na amkumbuke Wangari Maathai. Mwaka 1989 serikali na chama tawala, KANU, walipanga kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, la gazeti la Kenya Times, pamoja na sanamu ya Rais Moi. Tarehe 3 Oktoba Wangari aliliandikia gazeti hilo. Akaandika tena, kwa Ofisi ya Rais, kwa wakuu wa jiji, kwa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, hata kwa Balozi wa Uingereza, akimuuliza kama watu wa London wangekubali jengo kama hilo lijengwe Hyde Park. Wabunge walisitisha shughuli zao ili wamkejeli. Rais alisema wanaopinga wana wadudu kichwani. Shirika lake la Green Belt Movement likapewa saa 24 kuhama ofisi, likahamia nyumbani kwake. Yeye aliendelea kuandika. Wafadhili wa nje wakaanza kuona haya, mradi ukapunguzwa Januari 1990, na mwaka 1992 uzio wa mabati uliozungushiwa eneo la mradi ulipong'olewa, kina mama walikwenda kucheza na kuimba pale. Kila Jumapili mtoto anapobingirika kwenye nyasi za Uhuru Park, anabingirika juu ya rundo la barua.

Tena yeye aliandika katika nchi ambayo mwananchi hakuwa na pa kushika. Sisi tuna Katiba ya 2010. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye au mwingine ameumia. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inampa afisa siku 21 kukujibu. Basi uliza. Uliza ramani iliyoidhinishwa, uliza ni nani aliyetia sahihi, uliza ghorofa ngapi ziliombwa na ngapi zimejengwa.

Kuna suala la pesa, na hapa vyama vingi hufa. Kusanyeni ada, hata ikiwa ndogo, kila mwezi, kwa M-Pesa ya chama na si ya mwenyekiti, na mwekahazina asome hesabu mbele ya wote. Chama kinachosubiri mfadhili huanza kusema anachotaka mfadhili; na mkijengewa kibanda cha polisi na mwenye mjengo mnaoupinga, sauti zenu zitashuka zenyewe. Karengata, chama cha wakazi wa Karen na Lang'ata kilichoanza mwaka 1940, kingekuwa kimezikwa zamani kama si ada za wanachama wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 waliishtaki halmashauri ya jiji kwa kutoza kodi ya ardhi bila kuwapa huduma, wakapata amri ya kuiweka kodi hiyo kwenye akaunti ya kando. Kesi ya namna hiyo haiendeshwi kwa hasira peke yake.

Lakini chama cha Lavington kisichojua jina la mtu hata mmoja wa Kawangware hakijawa chama cha jiji. Ni kamati ya ukuta. Maji ya mvua yanayoteremka kutoka mitaa ya juu hayaulizi hati ya kumiliki ardhi, na anayesafisha nyumba yako hukata njia ile ile isiyo na kando ya kutembelea. Wakaribisheni wapangaji, wachuuzi na watu wa bodaboda kwenye mikutano, na mkutano ufanywe kwa Kiswahili, saa ambazo mtu amerudi kutoka kibaruani, mahali pasipohitaji kujiandikisha getini. Msitu wa Karura, takriban hekta 1,040, uliokolewa na waliokubali kupigwa mwaka 1999 walipokwenda kupanda miti. Umetunzika baadaye kwa sababu chama cha Friends of Karura kilikaa meza moja na wakazi wa kijiji cha Huruma kinachopakana nao.

Katikati ya jiji mtu wa kujifunza kwake ni Zarina Patel. Bustani ya Jeevanjee ilitolewa kwa umma na babu yake, A. M. Jeevanjee, mwaka 1906. Ilipopangwa kugeuzwa kuwa maegesho ya ghorofa mwaka 1991, Zarina alizunguka akikusanya watu, wa kila rangi, mpaka mpango ukaachwa. Nenda pale leo mchana. Utawakuta Bunge la Mwananchi wamesimama duara, wasio na mshahara wala gari la bendera, wakijadili bajeti kwa ukali ambao ningependa kuuona katika mabunge yanayolipwa. Hao nao ni chama. Wasikilize kabla hujaandika waraka wako.

Na ule mti wa mugumo wa Waiyaki Way, Westlands, uliokuwa ung'olewe kupisha barabara ya Expressway, bado umesimama. Novemba 2020 watu walipiga kelele mpaka amri ya rais ikatoka. Ukipita chini yake, waonyeshe watoto.

Kazi ya haraka iliyopo sasa ni bajeti. Makadirio ya kaunti hufikishwa kwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na wadi ziko 85 zinazogombania mfuko mmoja. Kwa hiyo mwezi wa Februari kutaneni, mpime mitaro ya mtaa wenu kwa futi kamba, mpige picha pale inapoziba, mwandike gharama na jina la barabara. Halafu mvuke upande wa pili wa ukuta muwaulize watu wa Kawangware au Kangemi mtaro wao unaanzia wapi, na mpeleke waraka mmoja wenye sahihi za pande zote mbili. Muhuri msiusahau.