Nimekaribia Matarajio

Muhula umefungwa na ripoti ya mwanangu wa Gredi ya Nne iko mezani. Tangu mtaala wa umilisi uanze Kenya mwaka 2019, nambari zimestaafu. Siku hizi mtoto huzidisha, hufikia au hukaribia matarajio. Yule tuliyemwita wa mkia sasa yuko "mbali na matarajio", kama abiria aliyepitiliza kituo.

Mwanangu amekaribia, tena katika sanaa. Nimeumia. Kile kikapu cha kazi yake ya sanaa nilikisuka mimi, saa sita usiku, kwa pakiti za maziwa nilizoomba kwa majirani, yeye akikoroma.

Mama yake akauliza kama likizo hii nitahitaji tuisheni. Nikamkumbusha kuwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaikataza.