Buti za Kwenda Adelaide

Nyumba yetu ya Dongobesh, Mbulu, iligawanyika kwa sababu ya jozi moja ya buti. Upande mmoja alikuwa Aayo, mama yetu, aliyeona ni dharau kubwa kwa nchi ya watu kuulizia tope la nyumbani kwake. Upande wa pili alikuwa baba mdogo, aliyesema kwamba nchi isiyouliza ndiyo ya kuogopwa. Katikati alikaa kitindamimba wetu na barua yake ya kwenda kusomea magonjwa ya ngano Adelaide, Australia Kusini, na mimi, dada mtu, niliyekabidhiwa brashi.

Buti zenyewe ni za mtumba. Mdogo wangu alizinunua mnadani Katesh alipokuwa akisindikiza wageni kupanda Mlima Hanang. Ni za kahawia, ngumu, zenye soli ya meno marefu, na zimepanda na kushuka njia ya Jorodom mpaka ulimi wa kiatu ukalegea. Mlima ule una mita zaidi ya 3,400. Chini unapita kwenye mahindi na mbaazi, kisha unaingia msituni, kisha unatokea kwenye nyasi na mawe ya volkano. Ukishuka wakati wa mvua, unashuka na sehemu ya mlima miguuni. Na tangu Desemba 3, 2023, maporomoko yaliposhusha mawe, magogo na tope juu ya Katesh, Gendabi na Jorodom yakaua watu zaidi ya 80, sijamsikia mtu wa Hanang akisema tope la mlima ule ni uchafu tu.

Ugomvi ulianzia kwenye kadi. Abiria anayeingia Australia hujaza kadi yenye maswali mengi, ila mawili ndiyo yaliyotuwashia moto. La kwanza ni kama umebeba udongo, au kitu chenye udongo, vikiwemo viatu na vifaa vya michezo. La pili ni kama katika siku 30 zilizopita umekaribia mashamba, mifugo, mapori, mito au maziwa.

Aayo aliposomewa hilo la pili alishusha ungo. "Siku thelathini? Mtoto huyu amekulia zizini! Sasa aseme uongo?"

"Hapana, Aayo. Nitajaza ndiyo."

"Wakurudishe?"

Mdogo wangu alimweleza taratibu kwamba anayesema harudishwi kwa kusema. Wanaitazama mizigo yake, wanasafisha cha kusafishwa, wanamwachia apite. Anayeficha ndiye anayetozwa faini, na wapo waliopoteza safari nzima. Oktoba 2019 mgeni kutoka Vietnam alifutiwa viza palepale uwanja wa ndege wa Sydney kwa sababu ya chakula ambacho hakukiandika, ikiwemo nyama ya nguruwe. Waliogopa homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ambao maelezo yake ya kwanza ya kitaalamu yaliandikwa Kenya mwaka 1921, na ambao leo umekwisha kufika Ulaya na Asia.

Hapo baba mdogo akapata pa kuingilia. Huyu ni mtu aliyeendesha mashine za kuvunia kwenye mashamba ya ngano ya Basotu, enzi za ule mradi wa Tanzania na Kanada ulioanza karibu na mwaka 1970. Ngano ile ina historia chungu: ilichukua ardhi ya malisho ya Wabarbaig, na kesi ya kijiji cha Mulbadaw ilifika hadi Mahakama ya Rufani mwaka 1985, wanakijiji wakashindwa. Baba mdogo halisemei hilo kwa wepesi. Lakini ngano anaijua, na adui wake anamjua kwa sura.

"Umewahi kuona kutu?" alimuuliza Aayo. "Unapita katikati ya shamba asubuhi, unatoka suruali ina unga wa rangi ya matofali. Ule unga ndio ugonjwa. Ukiingia shamba lingine na suruali ileile, umepanda."

Kutu ya shina iitwayo Ug99 ilitambuliwa Uganda mwaka 1999 kutokana na sampuli za mwaka uliotangulia. Kutoka huko ikaenda Kenya, Ethiopia, ikavuka bahari hadi Yemen, ikafika Iran, na hapa Tanzania ilithibitishwa mwaka 2009. Vumbi lake husafiri na upepo, hilo hakuna wa kulizuia. Lakini husafiri pia na nguo za watu. Australia wanalijua hilo kwa maumivu: mwaka 1979 walivamiwa na kutu ya manjano, na wataalamu wao wanaamini ililetwa kutoka Ulaya kwenye nguo za msafiri. Ndiyo maana wataalamu wanaozuru mashamba ya majaribio ya Njoro, Kenya, kuitazama Ug99, huagizwa kufua nguo walizovaa shambani kabla ya kurudi makwao, au kuziacha hukohuko. Nchi inayouza ngano nyingi nje, ikiletewa kijana anayetoka Hanang kwenda kusomea kutu, isipomtazama miguu itamtazama nini?

Nilianza kuosha. Nilichokoa meno ya soli kwa msumari, nikasugua kwa brashi na sabuni ya unga, nikavua kamba na kuziloweka peke yake. Kwenye mshono wa ulimi, mahali ambapo kidole hakifiki, nilitoa kwa sindano mbegu mbili. Moja tuliifahamu, ni ya nyasi za huku juu. Ya pili ilikuwa ndefu, nyeusi, yenye mkia uliojisokota, na si mimi, si Aayo, si baba mdogo aliyewahi kuiona. Buti za mtumba zimetembea kwa watu kabla ya kufika mnadani Katesh. Tuliitia ile mbegu kwenye makaa, na nadhani hapo ndipo Aayo alipoanza kunyamaza kidogo.

Buti zilipokuwa safi, watoto walizitundika kwenye mti wa uzio wa zizi zipate jua. Ndama akazifikia. Tulipotoka nje alikuwa ameshalamba moja mpaka kisigino, mate yananing'inia.

Baba mdogo alishika kiuno. Ugonjwa wa miguu na midomo upo nchini kwetu, wafugaji wa Mbulu na Hanang wanaufahamu kwa vidonda vya ulimi na kwato, na mate ya ng'ombe ni mojawapo ya njia zake kuu. Ndama wetu alikuwa mzima wa afya. Hata hivyo Australia haijauona ugonjwa huo tangu mwaka 1872, na Uingereza, ulipowaingia mwaka 2001, walichinja mifugo zaidi ya milioni sita ili kuuzima. Kwa hiyo karai likarudi uwanjani. Safari hii tuliosha kwa maji ya moto na jiki, na mmoja wa wajukuu, kwa nia njema kabisa, akazipeleka jikoni zikauke karibu na moto.

Gundi ikayeyuka. Soli ya kulia ikafunguka kuanzia kidoleni.

Fundi viatu wa pale sokoni ni hodari, na aliifanya kazi kwa moyo kwa sababu alijua kijana anakwenda mbali. Alipaka gundi, akashona kuzunguka, na pale kwenye kidole, ili ishike vizuri, akaweka kiraka cha ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa juani, bado ina manyoya upande wa ndani. Kilipendeza. Mdogo wangu alikishika mkononi muda mrefu kabla ya kusema. Ngozi ambayo haijapikwa kiwandani ni kitu kingine cha kuandikwa kwenye ile kadi, na kuna hatari kubwa wakaichukua na buti yake. Tulirudi kwa fundi. Alisikiliza mpaka mwisho, hakukasirika, akakata kipande cha tairi kuukuu na kushona upya. Hela ya pili alikataa.

Aayo, wakati wote huo, alikuwa na shughuli yake. Usiku wa kufunga begi tulilipima kwenye mizani ya gunia, likazidi. Tukaanza kutoa kimoja kimoja. Ndani ya soksi nene za mlimani tulikuta ngwara za shamba letu, zimefungwa vizuri kwenye kitambaa. Soksi ya pili ilikuwa na vitunguu saumu vya Bashay. Ndani ya buti yenyewe, ile tuliyoiosha na kuiosha tena, kulikuwa na kichupa cha asali.

Hakuna aliyeinua sauti. Mama anayempeleka mwanawe kwenye nchi ambayo haijui hata ilipo anataka ale kitu cha kwao, akihisi baridi alambe asali, na akipata kijiupenyo cha udongo apande ngwara. Niliutazama mkono wake umeshika kile kitambaa nikashindwa kusema lolote. Baba mdogo ndiye aliyevuta kigoda akakaa karibu naye.

"Shemeji," alimwambia, "dumuzi unamjua?"

Nani Mbulu asiyemjua mdudu huyo? Anageuza gunia la mahindi kuwa unga kabla hujaanza kulila, na akimaliza mahindi anatoboa mbao za kihenge. Lakini wazee wetu hawakumjua. Kwao ni Amerika ya Kati, na aliingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, akaonekana kwanza Tabora. Anasafiri ndani ya punje. Hakuja kwa ubaya wa mtu. Walikuwepo tu watu waliosafirisha mahindi.

"Na sotoka?" Hiyo Aayo alisimuliwa na bibi yake. Ililetwa upande wa Eritrea na ng'ombe wa jeshi la Waitaliano karibu na mwaka 1887, na miaka michache baadaye ilikuwa imefagia mifugo ya nchi hizi. Wamasai walipoteza karibu ng'ombe wote. Oscar Baumann, alipopita Ngorongoro mwaka 1892, aliwakuta wakifa njaa. Ilichukua hadi mwaka 2011 dunia kutangaza kwamba sotoka imetokomezwa. Siku hizi mashamba ya kaskazini yana gugu karoti, ambalo halikuwepo nilipokuwa msichana. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi na hupanda gari, kwato na kiatu bila kuuliza njia.

Aayo alifungua kile kitambaa, akazirudisha ngwara kwenye debe. Vitunguu saumu akaviweka jikoni. Kichupa cha asali alikishikilia mwenyewe.

Mdogo wangu aliondoka kwa basi la alfajiri. Simu yake ilipoingia tulikuwa wote sebuleni. Alikuwa amejaza ndiyo kwenye udongo na ndiyo kwenye mashamba, na akapangwa kwenye foleni ya ukaguzi. Ofisa, mama wa makamo, alizigeuza buti chini ya taa, akapitisha kidole kwenye meno ya soli, akainua soli ya ndani ambayo sisi sote hatukufikiria kuiinua. Chini yake kulikuwa na ganda la nyasi na mchanga mweusi kidogo. Aliuliza umetoka wapi. Mdogo wangu akamwambia Mlima Hanang. Wakazichukua buti, wakazisafisha, wakamrudishia zimefungwa kwenye mfuko. Hakutozwa faini.

"Alikusema vibaya?" Aayo aliuliza.

"Alinishukuru kwa kuandika, Aayo."

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi, hasa ninapokwenda Katesh kwa wakwe nikawaona wageni wakishuka kwenye magari kuelekea Jorodom na buti zilizotoka kukanyaga milima ya nchi nyingine. New Zealand wameweka vituo vya brashi na dawa kwenye njia za misitu yao ya mikauri, kila mpandaji anasugua soli akiingia na akitoka, kwa kuwa kuna kimelea cha udongoni kinachoua miti hiyo kikibebwa na viatu. Hanang ina msitu ambao maji ya vijiji vyote vya chini yanautegemea, na kuuzunguka kuna ngano, mahindi na mbaazi za watu. Nchi yetu ilitunga Sheria ya Afya ya Mimea mwaka 2020 na kuunda mamlaka yake, yenye makao Arusha, na wakaguzi wapo mipakani na kwenye viwanja vya ndege. Nataka kazi hiyo ifike mpaka mguu wa mlima: karai, maji, brashi yenye mpini mrefu, na kijana mmoja wa kijijini anayelipwa kusema "karibu, tuonyeshe viatu." Baba mdogo ameshalipeleka wazo hilo kwa vijana wanaosindikiza wageni, na wawili wao wameanza kubeba brashi kwenye mabegi.

Mdogo wangu anatarajia kuja likizo. Amesema atapitia mashamba ya majaribio ya huko kabla ya kupanda ndege, kisha atakwenda Basotu na baba mdogo. Aayo amempa masharti yake kwa simu, kwa sauti ileile aliyokuwa akitupangia kazi za zizi: nguo za shambani azifue kabla ya kufunga begi, soli ya ndani ainue mwenyewe, zile buti hazitavuka lango la Dongobesh mpaka yeye azione. Na asithubutu kumletea mbegu kwenye soksi.